UMEME NYUMBANI: KWA NINI WAYA WA TATU?

Wahenga walinena kwamba kinga ni bora kuliko tiba. Kwa hivyo nimeonelea niwaeleze wenzangu, kwa Kiswahili, jambo tunalolisoma katika Fizikia kisha tukaliacha papo hapo darasani. Jambo lenyewe ni ule waya wa kijani wenye mistari ya manjano ambao mafundi wa stima huuita ethi. (Si Athi, ule mto wetu!)

Umeme wa nyumbani hapa Kenya ni wa volti 240. Waya wa laivu, ambao ni mwekundu katika nyumba za zamani na wa kahawia katika nyingi za sasa, huuleta. Waya wa nyutro, mweusi au wa samawati, huurudisha. Hawa wawili ndio wafanyakazi. Ethi ni askari wa zamu: siku za kawaida hafanyi lolote. Taa itawaka na redio itaimba hata akiwa hayupo. Ndiyo maana watu wengi humpuuza.

Haya, tuseme laivu iliyo ndani ya pasi imechunika na kugusa chuma. Kama hakuna ethi, pasi nzima sasa ina volti 240 na inangoja mtu. Ukiishika ukiwa miguu mitupu juu ya sakafu ya simiti, wewe ndiwe unayegeuka waya! Lakini kama ethi ipo, na njia yote ya umeme huo ina ukinzani wa omu 2 tu, gawanya 240 kwa 2 upate ampea 120. Fyuzi ya ampea 13 iliyo katika plagi haiwezi kustahimili hayo. Itakatika mara moja, na pasi itapoa bila kumdhuru mtu.

Shida huzuka tunapoongeza vyumba. Tangu mradi wa Last Mile uanzishwe mwaka 2015, nyumba nyingi za vijijini zimepata stima, na familia ikikua watu huvuta nyaya kutoka chumba cha kwanza hadi cha pili. Kwetu pia tulimjengea nyanya (susu, kama tunavyomwita nyumbani) chumba kando ya nyumba kubwa. Fundi mmoja akaja, akamaliza kabla ya chai ya saa nne, akalipwa. Taa iliwaka vizuri. Baada ya wiki mbili, susu akasema ati pasi "inamtekenya" mkononi. Sisi wajukuu tulicheka, lakini mjomba hakucheka. Alimwita fundi mwingine, mwenye leseni.

Huyu wa pili alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha umeme haupo, kisha akafungua kile kisanduku cha ukutani ambamo nyaya za zamani huunganishwa na nyaya mpya. Ndani tuliona laivu na nyutro zimeunganishwa sawasawa. Ethi iliyotoka kwenye mita ilikuwepo, na ethi ya chumba cha susu ilikuwepo pia, lakini zilikuwa zimekunjwa kando, hazijashikana! Soketi ya susu ilikuwa na tundu la tatu la kupendeza macho tu.

Nilimuuliza maswali mengi, naye hakuchoka kunijibu. Haya ndiyo aliyonifunza:

1. Ethi zote zinazoingia kisandukuni ziunganishwe pamoja na kukazwa kwa skrubu. Ikikosa kushikana hapo, kila chumba kinachofuata hakina ulinzi.

2. Kisanduku kikiwa cha chuma, nacho kiungwe na ethi. Laivu ikichomoka ndani yake, kisanduku chenyewe ndicho kitakachoua.

3. Ethi isiungwe na nyutro ndani ya kisanduku ili "kurahisisha kazi." Nyutro ikikatika nyuma yake, vyuma vyote vilivyoungwa na ethi vitapata umeme.

4. Waya wa soketi uwe wa milimita mraba 2.5, ule wa 1.5 ni wa taa. Kisanduku kifunikwe, lakini kisizikwe chini ya plasta, maana siku moja kitahitaji kufunguliwa.

Kuna jambo moja zaidi linalotuhusu sisi watu wa Machakos. Ethi huishia katika fimbo ya shaba iliyopigiliwa ardhini. Udongo wenye maji hupitisha umeme vyema, lakini mchanga mkavu hukataa. Msimu wa kiangazi, fimbo fupi katika mchanga wetu yaweza kuwa na omu 100. Gawanya tena: 240 kwa 100 ni ampea 2.4. Fyuzi ya 13 haitashtuka hata kidogo, na pasi itabaki na umeme! Dawa yake ni kupigilia fimbo ndefu ifikie udongo wenye unyevu, na zaidi ya yote kuweka swichi inayohisi umeme unaovuja. Hiyo hukata umeme pindi unapovuja kwa kiasi cha ampea 0.03 tu, kabla moyo wa mtu haujavurugika.

Sisemi tukafungue visanduku, la! Sheria inataka kazi hiyo ifanywe na fundi aliye na leseni ya EPRA, na mwanafunzi mwenye bisibisi si fundi. Lakini kuuliza hakuhitaji leseni. Fundi akimaliza kazi nyumbani kwenu, usiridhike kuona taa imewaka. Mwambie kwa heshima: "Fundi, tafadhali nipimie ethi nione." Aliyeifanya kazi vizuri atakupimia akitabasamu. Akianza kunung'unika, mwite mzazi kabla hajalipwa.