Mpimaji Naye ni Mjenzi

Wako watu wengi wadhanio ya kuwa kutengeneza programu za kompyuta ni kazi ya mabingwa peke yao, na ya kuwa asiyejua kuandika programu hana fungu lake ila kutumia na kunung'unika. Dhana hiyo twaikataa.

Programu huria ni zile ambazo maandishi yake yako wazi, kila mtu aweza kuyasoma, kuyabadili na kuyagawa. Mojawapo ni LibreOffice, ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, iliyoanzishwa mwaka 2010 na watu waliojitenga na OpenOffice.org. Na hiyo OpenOffice.org si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa toleo lake la Kiswahili, likaitwa Jambo OpenOffice.

Kabla toleo jipya halijatoka, hutolewa kwanza toleo la majaribio, bure. Mgeni huliweka katika kompyuta kando ya lile la zamani, akafungua nakala za barua na hesabu zake (nakala, ndugu, wala si karatasi ya pekee ya mahesabu ya tawi!), akafanya kazi zake za kila siku. Aonapo kasoro, huiandika katika daftari la kasoro lililo wazi kwa ulimwengu mzima: ni toleo gani, ni kompyuta ya namna gani, alifanya nini hatua kwa hatua, alitazamia nini, akaona nini. Majina ya watu na ayafute kwanza. Kuandika "haifanyi kazi" tu ni sawa na kumwambia fundi baiskeli ni mgonjwa.

Lakini mlango ulio mpana zaidi kwa mgeni ni mwingine. Taarifa mpya huhesabiwa kuwa haijathibitishwa mpaka mtu wa pili azifuate hatua zile zile. Basi mgeni na achukue taarifa ya mwenzake, aifuate, aseme kwa uaminifu, "Nami nimeona," au "Kwangu haikutokea." Hapo hapatakiwi elimu ya kuandika programu, hutakiwa subira, na kutosema uongo.

Atakayeona kazi hii ni ndogo na ayakumbuke ya mwezi Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akipima jambo jingine kabisa katika toleo la Debian lililokuwa bado linatengenezwa. Akaona kuingia katika kompyuta kutoka mbali kunachelewa kama nusu sekunde. Hakulipuuza. Alifuatilia, akakuta mlango wa siri uliotiwa kwa hila ndani ya xz, programu ya kubania mafaili, ambao ungalienea katika kompyuta nyingi mno duniani. Yeye ni bingwa, hatukatai. Lakini alianza kwa kuona tu kwamba jambo halikuwa kama lilivyozoewa.

Tena kuna kasoro ambazo bingwa wa Ulaya hatazigundua kamwe: neno la Kiswahili lililokatwa katikati ya kitufe, au tafsiri isiyoeleweka na karani yeyote wa Tabora wala Tanga. Hizo zamngoja mwenye lugha yake. Na aanze jioni moja, kwa taarifa moja. Lakini kwanza atafute daftarini kama mwenzake hajaiandika tayari.