Sayansi ya Kumdaka Msichana Anayetoka Angani

Wabebaji wawili wanakamatana vifundo vya mikono, wa tatu anasimama nyuma yao. Mwenzao anapanda juu ya mikono hiyo, wote wanakunja magoti, na kwa hesabu moja wanamrusha. Kileleni anabana mikono kifuani ili mwili uzunguke kwa kasi, kisha anarudi chini chali. Huo ni mrusho mmoja tu katika onyesho la dakika 2 na nusu lenye sarakasi, piramidi na dansi, na katikati yake hakuna mapumziko.

Ushangiliaji wa mashindano nchini Marekani umeachana zamani na kazi ya kupungia mashabiki.

Kazi kubwa iko kwenye kudaka. Msichana wa kilo 50 akianguka mita 2 huifikia mikono ya wenzake kwa kasi ya kilomita 22 hivi kwa saa. Wakishuka naye kwa magoti na kumsimamisha ndani ya nusu mita, wastani wa nguvu wanayoipokea ni kama mara 5 ya uzito wake. Wakikaza magoti, akasimama ndani ya sentimita 10, nguvu hiyo hupanda hadi mara 21. Sakafu tupu ni katili kuliko hapo.

Ndiyo maana vilabu hugawa timu kwa madaraja, kuanzia la 1 hadi la 7. Kwa sarakasi za sakafuni, daraja la 1 ni kubingirika na kupinduka ubavu. La 2 huruhusu kujitupa nyuma na kutua kwa mikono. Samasoti ya angani husubiri la 3. Kujizungusha mara mbili ndani ya samasoti ni kwa la 6. Kocha anayerukisha daraja ili apate kombe anacheza na shingo za watoto.

Machi 2006, mshangiliaji wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois alianguka kutoka kwenye piramidi, kama mita 4 na nusu juu, akavunjika pingili ya shingo. Akiwa amelazwa kwenye machela, bendi ilipopiga wimbo wa timu, mikono yake iliendelea kufuata miondoko ya timu. Watazamaji walimpigia makofi. Baadaye mirusho ya angani kama ule wa mwanzo wa makala ilipigwa marufuku kwenye viwanja vya mpira wa kikapu visivyo na mikeka.

Mwaka 2010 jaji wa shirikisho huko Connecticut aliamua kwamba ushangiliaji wa mashindano, kwa jinsi ulivyoendeshwa wakati ule, haukustahili kuhesabiwa kuwa mchezo wa chuo. Miaka 2 baadaye madaktari wa watoto wa Marekani walitaka utambuliwe kuwa mchezo, ili wachezaji wapimwe afya na wawe na makocha waliofunzwa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua kikamilifu Julai 2021.

Madaktari walikuwa sahihi. Shule inayorusha watoto hewani iwape kwanza mkeka, kocha mwenye mafunzo na mpango wa dharura. Isiyoweza kuvigharimia iwabakize chini.