Franga za kusomesha watafiti wa magonjwa: nani anaingia, nani anabaki inje?

Mwezi wa 8 mwaka 2019 ugonjwa wa Ebola ulifika Pinga, katika teritware ya Walikale. Watu wengi wa Masisi na Walikale waliogopa kwamba sasa utaingia mpaka kwenye machimbo, kule watu wanakolala wengi katika nyumba moja na kunywa kikombe kimoja. Lakini mwezi uleule, tarehe 12, ilitoka habari nyingine ambayo huku kwetu haikusemwa sana: dawa mbili za Ebola zilikuwa zimeonyesha kwamba zinaokoa watu. Jaribio la dawa hizo liliitwa PALM, maana yake Pamoja Tulinde Maisha. Lilipewa jina la Kiswahili sababu lilifanyika hapa kwetu Kivu ya Kaskazini, kwa wagonjwa wa Beni, Butembo, Katwa na Mangina.

Wagonjwa 681 waliingia katika jaribio hilo. Kwa wale waliopewa dawa ya zamani, ZMapp, karibu nusu walikufa. Kwa wale waliopewa dawa mbili mpya, mAb114 na REGN-EB3, walikufa karibu 35 kwa kila 100. Na hiyo mAb114 ilianzia kwenye damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Kwa hiyo damu ilikuwa ya Mkongo, na wagonjwa walikuwa Wakongo. Kazi yenyewe ilifanywa na INRB, maabara ya taifa yenye makao Kinshasa, pamoja na NIH, taasisi kubwa ya serikali ya Marekani inayolipia utafiti wa afya.

Aliyeongoza upande wetu ni Profesa Jean-Jacques Muyembe. Alimaliza masomo ya uganga Lovanium mwaka 1969, akapata udaktari wa virusi kule Leuven, Ubelgiji, mwaka 1973. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1976, ugonjwa usiojulikana ulilipuka Yambuku, na nchi ilikuwa na mtoto wake wa kutuma. Alifika pale, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu, na Mungu alimlinda. Mwaka 1995 alikuwa Kikwit. Mwaka 2019 alikuwa akiongoza mapambano huku kwetu. Elimu iliyolipiwa kabla ya 1973 ilikuwa bado inaokoa watu miaka 46 baadaye.

Njo maana leo tunaandika juu ya jambo ambalo wengi wanaliona la mbali: sheria za franga za kusomesha watafiti. Mchimbaji wa Muheto anaweza kutuuliza: «Hii mambo ya Marekani inatuhusu nini, sisi tuko na mashimo yetu?» Inatuhusu, sababu sheria hizo zinaamua kama mtoto wake siku moja atakuwa yule anayeipima damu kwenye maabara, au atabaki tu yule anayetolewa damu.

Kwanza tuelewane. Franga za kutafuta dawa ni kitu kimoja, na franga za kumfundisha mtu awe mtafiti ni kitu kingine. Ziko na mifuko yake na sheria zake.

Mlango wa kwanza pale NIH ni bourse zenye jina la Kirschstein, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1974. Huo umefungwa kwetu. Anayepokea lazima awe raia wa Marekani au mtu aliyepewa ruhusa ya kuishi kule siku zote. Mtoto wa Muheto, hata awe wa kwanza katika darasa lake, hawezi kupita hapo.

Mlango wa pili ni wa Fogarty, kituo cha NIH kilichoanzishwa mwaka 1968 kwa ajili ya kushirikiana na nchi nyingine. Kituo hiki kilianza mwaka 1988 kusomesha watafiti wa SIDA kutoka nchi maskini. Hapa sheria iko tofauti: franga hazipewi mtu, zinapewa chuo. Chuo cha Marekani au cha Afrika kinaandika mpango, kikikubaliwa ndicho kinachochagua wanafunzi. Kwa hiyo kijana haandikii Washington barua. Anatakiwa awe tayari ndani ya chuo, kama École de Santé Publique ya Chuo Kikuu cha Kinshasa, ambayo imefanya kazi miaka mingi na vyuo vya Marekani, kwa mfano University of North Carolina. Aliye Masisi bila mtu wa kumwambia hayo atapoteza miaka akitafuta mlango usiokuwepo.

Mlango wa tatu ni wa mtafiti aliyekwisha kusoma na anayeanza kusimama mwenyewe. Ruzuku hiyo inaitwa K43. Iliwekwa kwa ajili ya raia wa nchi zenye mapato madogo na ya katikati, wenye kazi tayari katika chuo au maabara ya kwao, na inadumu miaka 3 mpaka 5. Shida iko hapa: ili uingie lazima uwe umeajiriwa. Kama chuo chako hakina nafasi, au jina lako haliko kwenye orodha ya malipo ya serikali, diploma yako peke yake haitoshi.

Ziko na masharti mengine ambayo mchimbaji atayaelewa haraka kuliko watu wa ofisini. Moja ni deni. Kwa zile bourse za Kirschstein, mtu aliyekwisha kupata udaktari akipokea mwaka wa kwanza, anabaki na deni la kazi: mwezi mmoja aliolipiwa, mwezi mmoja wa kufanya utafiti au kufundisha. Asipofanya, anarudisha franga pamoja na riba. Ni kama PDG wa shimo anayekupa chakula, tochi na nyundo kabla hujatoa hata kilo moja. Anajua utalipa kwa mawe. Tofauti ni kwamba kule deni limeandikwa tangu siku ya kwanza, kila mtu anajua kiasi chake, na mtu anaweza kulimaliza kwa kuendelea na kazi ileile aliyofundishwa. Huku kwetu wangapi wanajua kiasi cha deni lao kwa PDG?

Sharti lingine ni muda. Ruzuku nyingi za aina ya K zinataka mtafiti atoe angalau 75 kwa mia ya wakati wake kwa utafiti na mafunzo. Kwa munganga wa Kongo hiyo ni ngumu sana. Asubuhi anatibu, mchana anafundisha, jioni anafanya kazi ya pembeni ili watoto wale. Na chuo chenyewe, kwa ruzuku hizi za mafunzo, kinapewa 8 kwa mia tu juu ya gharama kwa ajili ya nyumba, umeme na ofisi. Mahali umeme unapotoka kwa jenereta, hiyo 8 kwa mia inaisha kwa mazutu.

Tena kuna sharti la kurudi. Anayeenda kusoma Marekani kwa visa ya J-1 na kwa franga za serikali, kwa kawaida anatakiwa kurudi kwao na kukaa miaka miwili kabla ya kuomba kuishi kule. Wazazi wengine wanaliona baya. Sisi tunaona kwamba bila sharti hilo, Kongo ingekuwa inasomesha watu kwa ajili ya hospitali za wengine.

Sasa tufike kwenye jambo lililotikisa yote. Tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 2025, NIH ilitangaza kwamba haitatoa tena ruzuku ambayo ndani yake chuo cha Marekani kinakatia chuo cha nje sehemu yake, mpaka utaratibu mpya uwekwe. Sababu waliyotoa ni kwamba wanataka kufuata vizuri franga zinaenda wapi. Njia hiyo ilikuwa kama ile ya négociant: anapokea kutoka comptoir, halafu anagawa kwa wachimbaji. Sehemu kubwa ya utafiti Afrika ilipita humo. Mwaka huohuo serikali ya Marekani iliomba katika bajeti yake ya 2026 kwamba kituo cha Fogarty kifutwe kabisa. Bajeti inapitishwa na bunge lao, lakini ombi peke yake linatosha kuonyesha kwamba mlango uliofunguliwa na serikali moja unaweza kufungwa na nyingine, bila mtu wa Kivu kuulizwa.

Nchi yetu ilikwisha kuona jambo kama hilo. Kuanzia mwaka 1984 Kinshasa ilikuwa na Projet SIDA, kazi kubwa ya Zaire, Marekani na Ubelgiji. Mwaka 1991 uporaji ulipolipuka, wageni waliondoka na kazi ikafa. Kilichobaki nchini ni Wakongo waliokuwa wamefundishwa.

Wachimbaji wajue kwamba wao wako mstari wa mbele. Mwezi wa 9 mwaka 2023, mpox ya aina mpya ilianza kuonekana Kamituga, mji wa dhahabu Kivu ya Kusini, kwa wachimbaji na kwa wanawake wa kwenye baa. Watafiti Wakongo pamoja na wenzao wa nje ndio walioonyesha, kwa kusoma chembe za urithi za virusi, kwamba ni aina ambayo haikujulikana. Mwaka 2024 ugonjwa ulifika kambi za wakimbizi karibu na Goma, kule familia nyingi za Masisi zilikuwa zimekimbilia. Tarehe 14 mwezi wa 8, OMS ilitangaza hali ya dharura ya dunia. Bila mtu aliyesomeshwa pale maabara, Kamituga ingeambiwa tu kwamba ni upele.

Basi tufanye nini? Milango mingine iko. Ulaya ina EDCTP, iliyoanza mwaka 2003, inayotoa ruzuku kwa watafiti wanaofanya kazi Afrika. Lakini swali kubwa liko kwetu. Code minier ya mwaka 2018 inasema 10 kwa mia ya redevance minière iende katika Fonds minier pour les générations futures, yaani mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka uleule coltan iliwekwa kati ya madini ya kimkakati, na redevance yake ni 10 kwa mia. Kama madini yanayotoka katika ardhi yetu yanaweka akiba kwa ajili ya vizazi vijavyo, ni halali kuuliza: ni watoto wangapi wa machimbo watasomeshwa utafiti wa magonjwa kwa akiba hiyo? Wabunge wetu waulizwe swali hilo wanapokuja kuomba kura.

Kwa wazazi, tunamalizia na maneno machache ya kazi. Bourse hizi za utafiti hazimlipii mtoto wa sekondari. Zinakuja baada ya chuo kikuu. Mtoto anayependa njia hiyo aingie section scientifique, apate diplôme d'Etat, halafu atafute faculté ya uganga au ya sayansi. Akiwa chuoni aulize walimu wake ni nani ana mradi na maabara, aombe kusaidia, ajifunze Kiingereza. Na akija mtu Muheto, Kitchanga au Goma akisema ana bourse ya NIH na anataka dola za dossier, mjue anawaibia: NIH haidai franga kwa mtu anayeomba. Zile dola za mawe mlizotoa shimoni kwa jasho, lipeni nazo minerval ya mtoto.