Vifaranga Wanapohara Damu, Tuwahi Siku Hiyo Hiyo

Mvua zikishakolea huku kwetu Bukoba na Muleba, kilio ni kile kile. Mama anafungua jiko asubuhi na kukuta vifaranga watatu wamekufa. Wengine wamejikunyata pembeni, mbawa zimeshuka, na juu ya nyasi za sakafuni kuna mavi yenye damu. Anamwita jirani: "Waitu, njoo unionee! Vifaranga wangu wamelogwa!"

Wapenzi wasomaji, hawakulogwa. Ugonjwa huo ni kuhara damu, ambao wataalamu huuita koksidiosisi. Una dawa, lakini hautaki kusubiri.

Sisi wenyewe ulitufundisha kwa hasara. Tulikuwa na vifaranga 30 wa wiki nne, na tulikuwa tumeshawapigia hesabu ya sare za shule. Tulipoona damu tukawapa unga wa antibiotiki uliobaki nyumbani. Siku ya tatu walikuwa wamebaki 11. Tulitibu haraka, lakini kwa dawa isiyohusika.

Unaletwa na nini?

Ugonjwa huu huletwa na vijidudu vidogo sana viitwavyo eimeria, visivyoonekana kwa macho. Hukaa katika utumbo wa kuku na kuutoboa-toboa mpaka ukatoka damu. Kifaranga mgonjwa hutoa vijiyai vya vijidudu hivyo katika mavi, maelfu kwa maelfu.

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Kijiyai kikitoka tu hakina nguvu ya kuambukiza. Kinahitaji unyevu, joto na hewa kwa muda wa siku moja hadi mbili ndipo kikomae. Kwa hiyo mavi ya juzi ni hatari kuliko mavi ya leo. Anayefagia kila siku anauvunja mzunguko huo, lakini anayeacha nyasi zile zile sakafuni kwa wiki mbili anaufuga ugonjwa.

Huku kwetu mji wa Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na chini ya migomba ardhi haikauki upesi. Hatuna budi kuwa waangalifu kuliko wenzetu wa nchi kavu.

Tuutambueje?

Wanaoathirika zaidi ni vifaranga wa wiki tatu hadi nane. Hupoa, manyoya husimama, huacha kula, upanga na miguu hupauka kwa kukosa damu, na mavi huwa ya majimaji au yenye damu. Kuku wakubwa huwa wamekwisha kupata kinga, lakini wanaweza kueneza vijiyai bila kuugua.

Tusiuchanganye na mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo huua kuku wa rika zote, mavi huwa ya kijani, na wengine hupinda shingo. Mdondo hauna dawa, una chanjo tu. Nayo chanjo ya mdondo haizuii kuhara damu. Usipokuwa na hakika, mpelekee bwana mifugo kifaranga aliyekufa siku hiyo hiyo, ampasue aone utumbo.

Tiba

1. Watenge wagonjwa mahali pakavu penye joto.

2. Nunua dawa ya amproliamu katika duka la dawa za mifugo. Unga wa nguvu ya asilimia 20 kwa kawaida huchanganywa gramu 12 katika ndoo ya maji ya lita 20, kwa siku 5 hadi 7. Dawa hutofautiana nguvu, kwa hiyo soma karatasi yake au msomee mama asiyejua kusoma. Ugonjwa ukiwa mkali, bwana mifugo anaweza kuongeza kipimo siku za mwanzo.

3. Wape kundi zima, kwa maana wanaoonekana wazima wamekwisha kula mavi yale yale. Dawa hutolewa katika maji kwa sababu kifaranga mgonjwa huacha kula lakini huendelea kunywa. Aliye hoi, mchovye mdomo majini mara kwa mara.

4. Wasipate maji mengine, hata ya dimbwi la uani. Changanya dawa mpya kila siku.

5. Maliza dozi hata kama damu imekoma siku ya pili.

6. Vitamini zitolewe baada ya dozi, maana vitamini B1 hupunguza nguvu ya amproliamu.

Ziko pia dawa za salfa. Hizo zinatibu, lakini zikizidishwa ni sumu. Zitumie kwa maelekezo ya mtaalamu.

Dawa bila ufagio ni bure

Siku unayoanza dawa, ondoa nyasi au maranda yote ya zamani. Yapeleke shimoni yafukiwe, au migomba ya mbali ambako vifaranga hawafiki. Weka matandiko makavu. Vyombo vioshwe, vimwagiwe maji yanayochemka, vianikwe juani. Dawa nyingi za kuulia wadudu hazivishindi vijiyai hivi. Chombo cha maji kiinue juu ya tofali ili wasikinyee wala kumwaga maji.

Mwenye nafasi atengeneze kitalu cha fito kilichoinuliwa, mavi yaanguke chini. Vifaranga walelewe mbali na kuku wakubwa, na wasibanane.

Na afya yetu sisi?

Kuhara damu kwa kuku hakumwambukizi mtu, wala mbuzi wala ng'ombe. Hata hivyo mavi ya kuku hubeba vijidudu vingine vinavyoharisha watoto. Watoto wanawe mikono kwa sabuni baada ya kushika vifaranga. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe, afukiwe. Na kuku aliyepewa dawa asichinjwe, wala mayai yake yasiliwe, mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa.

Yai moja kwa mtoto anayekua ni chakula cha thamani, na jogoo mmoja sokoni hununua madaftari. Kesho asubuhi, kabla ya kumwaga pumba, tuangalie kwanza mavi. Tukiona damu, tusiitane kutafuta mchawi. Tushike ufagio, na mmoja wetu aende dukani.