JIKONI INAYODUMU: TUPIME MBELE YA KUJENGA



Ukitembea katika mitaa ya Bukavu, Goma ao Butembo, utaona nyumba nzuri za matofali na za mbao. Ingia ndani: saloni iko na fotei, pazia, kitambaa cheupe juu ya kila kiti, na picha ya arusi ukutani. Halafu uliza jikoni iko wapi. Mara nyingi utaonyeshwa kibanda nyuma ya nyumba, cha mbao zilizobaki na manjanja ya zamani yenye matundu. Dirisha hakuna. Feza ziliishia saloni.

Lakini tuhesabu. Wageni wanakaa saloni labda masaa mawili kwa juma. Mama na binti zake wako jikoni masaa matatu ao ine kila siku. Basi chumba cha kazi nyingi ndicho kilipata fikara kidogo.

Habari hii inaeleza namna ya kutengeneza jikoni ambayo itapendeza na kufaa kazi hata kisha miaka makumi mbili. Si mambo ya matajiri tu. Neno kubwa ni moja: jikoni inayodumu inapimwa kwa mwili wa yule anayepika na kwa kazi anayoifanya, haipimwi kwa picha ya mtindo. Mtindo unapita. Mkono wa mama unabaki na urefu wake.

Mwanamke aliyepima jikoni kwa saa

Kupima jikoni si wazo la leo. Kisha vita ya kwanza ya dunia, muji wa Frankfurt katika Ujerumani ulikosa nyumba, na wakubwa wa muji wakaanza kujenga nyumba nyingi za bei ndogo. Msimamizi wa kazi ile, Ernst May, alimwita mwanamke kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wanawake wa kwanza waliosomea kuchora nyumba katika Austria. Mwaka 1926 akachora jikoni yenye upana wa meta 1,90 na urefu wa meta 3,40 tu.

Katika fasi ndogo namna ile kazi ilifanyikaje? Aliangalia jikoni za magari ya chakula katika treni, ambamo watu wanapikia abiria wengi bila kuzunguka-zunguka. Kazi za jikoni zilipimwa kwa saa. Kisha akapanga kila kitu kufuata kazi: meza ya kukatia chini ya dirisha, kiti kinachozunguka, taa inayosukumwa kwenda fasi inayohitajiwa, na masanduku madogo ya alumini ya kumiminia mchele na sukari. Droo za unga zilifanywa kwa mti wa mwaloni, kwa sababu mti ule unazuia wadudu. Jikoni kama 10 000 za namna ile ziliwekwa katika nyumba za Frankfurt, na makabati ya jikoni tunayoona leo katika vitabu vya mitindo yalitoka katika njia ile.

Hata hivi, jikoni ile ilikuwa na upungufu. Ilifaa mtu mmoja tu; wawili waligongana. Na yule mchoraji mwenyewe alisema baadaye kwamba mbele ya kuichora hakuwa amepika. Kwetu mama anapika akiwa na mtoto mgongoni, dada anachagua maharagi, yaya anatwanga sombe, na koko ameketi akitoa mashauri. Kwa hiyo tusiige jikoni ya Frankfurt. Tuige kupima kwake, na tuongeze jambo moja: kumuuliza anayepika.

1. Moshi

Hili ni la kwanza, juu ya uhai wa watu. Shirika la afya la dunia, OMS, lilihesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, inayotoka hasa kwa moto wa kupikia, iliua watu kama milioni 3,2 duniani. Kati yao zaidi ya 237 000 ni watoto wasiofikia miaka mitano. Moshi unaharibu mapafu na moyo, tena unaleta nimonia kwa watoto.

Wamama wengine wanasema: "Sisi tumezoea." Macho yanaweza kuzoea, mapafu hayazoei. Wengine wanasema kwamba moshi unakausha mahindi yaliyotundikwa na kufukuza wadudu. Ni kweli. Lakini mahindi yanaweza kuwa na kichanja chao pembeni. Mtoto wa mgongoni hana haja ya kukaushwa.

Moshi wa moto unapanda. Basi toboa madirisha ya juu, karibu na manjanja, kwa pande mbili zinazoelekeana, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Acha na tundu chini, hewa safi ipate njia. Mafiga yawe karibu na ukuta wa nje. Ukijenga shemini, kichwa chake kipite mgongo wa paa kwa sentimeta 60 hivi. Kikiwa chini, upepo utarudisha moshi ndani.

Na mbabula ya makala? Haitoi moshi mwingi, njo maana watu wanaiamini. Lakini makala yanatoa gazi isiyo na rangi wala harufu, na gazi ile inaua mtu katika usingizi. Mbabula yenye moto isiingizwe hata siku moja katika chumba kilichofungwa, hata kama mvua inanyesha, hata kama kuna baridi. Mbabula yenye udongo ndani inashika joto vizuri kuliko ile ya bati tupu, na gunia la makala linakawia kwisha.

Tena, nyumba zetu za mbao zinabanana. Ukuta wa nyuma ya moto uwe wa matofali ao wa mawe. Watu wa Goma wako na mawe ya volkano mlangoni.

2. Urefu wa meza

Mwambie mama asimame wima, akiwa na viatu anavyovaa jikoni. Akunje mkono. Pima toka chini mpaka kiwiko, halafu ondoa sentimeta 10 mpaka 15. Huo njo urefu wa meza ya kukatia. Kama kiwiko kiko kwa sentimeta 100, meza itakuwa kati ya 85 na 90. Meza fupi inavunja mgongo. Meza ndefu inachosha mabega.

Lakini bugali si nyanya. Kusonga bugali kunaomba nguvu ya mwili mzima, kwa hiyo fasi ya sufuria iwe chini kuliko meza. Mama ajaribu mwenyewe, akisimama ao akiketi, mbele ya fundi kujenga. Na sufuria isicheze: fundi aweke vyuma viwili vya kuishikilia. Sufuria ya bugali ikipinduka, anayeungua ni mtoto aliye karibu.

3. Njia ya kazi

Chakula kinatembea: kinatoka ku soko, kinaoshwa, kinakatwa, kinapikwa, kinapakuliwa. Panga jikoni kwa ufuatano huo, mama asirudi nyuma kila mara.

Wanafunzi wa hesabu, haya yenu. Tuseme maji yako meta 15 kutoka moto, na mama anayafuata mara 20 kwa siku. Kwenda na kurudi ni meta 30. Mara 20 ni meta 600. Kwa mwaka ni kilometa 219. Ni kama njia ya gari kutoka Goma mpaka Bukavu, na mama ameimaliza kwa miguu bila kutoka katika parsele yake! Mkileta maji meta 3 karibu na moto, safari ile inakuwa karibu kilometa 44.

Kwa kupita, mtu mmoja anahitaji sentimeta 90 kati ya meza na ukuta. Wakiwa wawili wanaopishana na sufuria ya moto, acheni meta 1,20. Kinu na mchi vikae inje, kwenye barza yenye paa, kwa sababu kutwanga kunaomba nafasi, na mvua yetu haiombi ruhusa.

4. Maji na sakafu

Sakafu ya simenti iteremke sentimeta 1 ao 2 kwa kila meta, kuelekea tundu la kutokea maji. Hivi mama anamwaga ndoo, anapiga fagio, kazi imekwisha. Sakafu iliyo sawa kabisa inashika maji, na mtu anateleza.

Hata kama robine iko ndani, wekeni fasi ya bidoni juu ya kistuli imara. Hata kama munapikia umeme, wekeni fasi ya mbabula yenye njia ya hewa. Maji yanakatika, umeme unakatika, na watu wanataka kula tu. Jikoni yenye njia moja tu ya kupika inazeeka siku ile njia inapofungwa.

5. Fasi ya vitu

Etajeri za juu zisipite sentimeta 30 kwa kina. Zikiwa na kina kirefu, vitu vya nyuma vinasahauliwa mpaka vioze. Sufuria nzito zikae chini. Vitu vya kila siku (mwiko, kisu, chumvi, mafuta ya mawese) vikae kati ya kiuno na macho, ili mama asipande kiti wala kuinama kila dakika. Unga na maharagi viwe ndani ya vyombo vyenye vifuniko, visikae chini. Petroli ya taa ikae mbali na chakula na mbali na mikono ya watoto. Wengine wamekunywa wakidhani ni maji.

Acha nafasi chini ya kabati na nyuma yake, fagio ipite. Fasi ambayo fagio haifiki, panya anaizalia.

6. Uzuri

Sasa mtaniuliza: uzuri uko wapi? Uko katika mambo haya yote, lakini kuna mengine.

Paka rangi nyeupe juu, mwangaza uongezeke. Chini, mpaka meta 1,20 hivi, paka rangi ya mafuta yenye giza kidogo, kwa sababu kule njo mikono na masizi vinagusa. Chokaa ni ya bei ndogo, na kila mwaka inaweza kurudiwa siku moja na vijana wa nyumba. Ukiweka karo, chagua za rangi ya kawaida, na ununue chache za zaidi kuzificha. Kisha miaka kumi moja ikivunjika, ku soko hutapata mfano wake.

Usidanganyike na makabati ya unga wa mbao ulioshindiliwa. Yanang'aa dukani, lakini maji yakiingia yanavimba na hayarudi. Afazali meza moja ya mbao nzito iliyokauka sawasawa. Mbao ya mkaratusi ikiwa mbichi, itapinda na mlango hautafunga. Na nani kati yetu hajaona sufuria za mama zilizosuguliwa kwa jivu, zimepangwa toka kubwa mpaka ndogo, zinang'aa kama kioo? Uzuri ule hautoki katika mtindo, na haujachakaa tangu koko zetu.

Feza kidogo, tuanzie wapi?

Luka sura ya 14 inasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: inafaa aketi kwanza ahesabu gharama. Basi hesabuni namna hii. Kwanza, madirisha ya juu. Kutoboa ukuta ni kazi ya siku moja. Pili, sakafu. Tatu, meza yenye urefu uliopimwa. Ine, etajeri. Rangi na karo, mwisho. Watu wengi wanaanza na rangi, na moshi unaifuta kwa miezi sita.

Kazi ya likizo

Hii ni kwa vijana wanaume pia. Kesho ninyi njo mtakuwa wenye parsele, na mtalipa fundi. Mkisema kwamba jikoni ni mambo ya wamama, mtajenga kibanda kama kile cha mwanzo.

Ukifika nyumbani, chukua meta na daftari. Keti jikoni tangu moto unawashwa mpaka sahani zinaoshwa. Hesabu mara mama, tantini ao dada anapotoka nje, mara anapoinama, mara anapofuta macho. Pima kiwiko chake, pima na meza. Halafu muulize maswali matatu: Unachoka wapi? Unaogopa nini? Kama tungebadilisha kitu kimoja tu, kingekuwa gani?

Usimkatize. Andika kama anavyosema, chora jikoni kwa kipimo cha sentimeta 5 kwa meta 1, na ulete karatasi darasani. Lakini mbele ya kurudi masomoni, toboa lile dirisha.