Je, Wajua? Panya wa Kuzalisha na Chakula cha Songambele

Je, wajua kwamba panya aliyevishwa nishani ya dhahabu alikuwa mzaliwa wa Morogoro, na ujira wake ulikuwa ndizi na karanga? Ni Magawa, panya buku wa shirika la APOPO, aliyezaliwa Novemba 2013. Nchini Kambodia alinusa mabomu 71 ya kutegwa ardhini na vilipuzi vingine 38, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku. Wenzake waliobaki Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hunusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi.

Ndizi na karanga, basi. Songambele na vijiji vyote vya Kyerwa na Karagwe, mkoani Kagera, ndizi zimejaa. Anayetaka kuzalisha panya weupe kwa ajili ya maabara ya shule au utafiti ana nusu ya chakula mlangoni. Nusu ya pili ndiyo inayowashinda wengi.

Je, wajua kwamba panya mweupe mzima hula gramu 15 hadi 25 tu kwa siku? Panya 40 hawazidi kilo moja. Hesabu hiyo hubadilika jike akizaa: anayenyonyesha hula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake. Mimba huchukua siku 21 hadi 23, na jike anaweza kushika nyingine ndani ya saa 24 baada ya kujifungua, akawa ananyonyesha huku amebeba. Mfugaji akibana chakula wakati huo, hasara huonekana kwenye watoto: wanazaliwa wachache, wanadumaa, na mama mwenye njaa au kiu anaweza kuwala.

Je, wajua kwamba ndizi mbivu ina takriban gramu moja tu ya protini katika kila gramu 100? Mihogo na viazi haviko mbali na hapo. Ni vyakula vya nguvu, na panya hunenepa navyo, lakini jike wa kuzaa anahitaji chakula kikavu chenye protini ya asilimia 18 hivi.

Je, wajua kwamba asilimia hiyo inapatikana kwa debe na mizani ya kawaida? Mahindi yana protini ya asilimia 9 hivi, soya karibu 38. Changanya kilo 7 za mahindi ya kusaga bila kukoboa na kilo 3 za soya iliyokaangwa, unafika 18. Ukiwa na dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, wenye protini inayozidi asilimia 50, sehemu nne za mahindi kwa moja ya dagaa zinatosha. Chagua dagaa waliokaushwa juu ya chanja. Wa mchangani ni rahisi, ila unalipia mchanga kwa kilo.

Na senene? Wana protini tele, lakini msimu wao ni mfupi na bei yao Kagera ni ya binadamu. Waachwe mezani.

Je, wajua kwamba ni panya walioonyesha kwa nini soya lazima ipikwe? Mwaka 1917, Wamarekani Thomas Osborne na Lafayette Mendel waliwalisha panya soya mbichi, wakadumaa. Walipewa iliyopikwa, wakakua. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia protini isimeng'enywe. Maharage mabichi ni mabaya zaidi: yana sumu inayoumiza utumbo, na panya wanaolishwa hayo hukonda hadi kufa. Hili nalisisitiza kwa sababu Kyerwa na Karagwe ni nchi ya maharage, na chenga zinazobaki baada ya kupembua ni chakula rahisi kweli. Loweka, mwaga maji, chemsha mpaka yaive kabisa. Kuyapasha moto kidogo tu hakutoshi kuiua sumu hiyo.

Je, wajua kwamba panya hawezi kutapika? Akimeza kibaya, kimeingia. Ndiyo maana mahindi yenye ukungu, ambayo wengine huona "yanafaa mifugo", ni hatari kizimbani. Sumu ya ukungu huo, sumukuvu, iligunduliwa baada ya batamzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga yenye ukungu. Panya waliolishwa mashudu hayo baadaye walipata uvimbe wa saratani kwenye ini. Kagera ina misimu miwili ya mvua na kukausha nafaka ni kazi, kwa hiyo gunia la bei ya kutupa likaguliwe hadi chini.

Je, wajua kwamba chakula cha kuku wa mayai hakifai kuwa mlo wa kila siku wa panya? Kimetiwa chokaa kwa ajili ya maganda: kalisi hufika asilimia 3.5 hadi 4, wakati panya anahitaji kama nusu asilimia.

Majani je? Panya hujitengenezea vitamini C mwilini, tofauti na simbilisi, ambaye asipopata majani mabichi huugua. Vitamini A ni jambo jingine, lazima itoke kwenye chakula: Elmer McCollum aliitambua mwaka 1913 kwa kulisha panya mafuta ya siagi. Viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, na matembele vinasaidia kuziba pengo la vitamini hiyo. Gunzi la mahindi nalo lisitupwe, kwani meno ya mbele ya panya hayaachi kukua na yanahitaji kitu cha kutafuna.

Je, wajua kwamba panya hukiogopa chakula kipya, ila humwamini mwenzake? Mtafiti Bennett Galef wa Kanada alionyesha kwamba panya akinusa pumzi ya mwenzake aliyetoka kula kitu fulani, naye hukipenda. Basi unapobadili mchanganyiko, ongeza kipya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Akishapatikana panya mmoja anayekila, mlishe pembeni kisha umrudishe kwa wenzake mdomo ukiwa bado unanukia.