Mwanafunzi, mtambo wako wa simu unazimika? Tazama betri

MSOMAJI, kama umepanga nyumba Ruiru, wajua taabu ya kuamka asubuhi na kukuta tangi la juu ya paa halina hata tone. Basi si ajabu kijana anayesomea umeme Thika, au katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja, katikati ya miji hiyo miwili, akaamua kuunda kifaa cha kumtumia mwenye nyumba ujumbe wa simu maji yanapopungua. Bodi ndogo, kadi ya simu na moduli kama SIM800L, kazi imekwisha. Kinachomtoa jasho ni betri.

Kifaa kinawaka, kinatafuta mtandao, kinazimika, kinawaka tena. Wengi huilaumu kampuni ya simu, nayo haina hatia. Moduli hii hutumia umeme kidogo ikipumzika, lakini ikizungumza na mlingoti huuvuta kwa mikupuo ya hadi ampea 2, kila mkupuo ukidumu kama nusu ya sehemu moja kwa elfu ya sekunde. Mita yako ya kawaida haiwezi kukuonyesha jambo la haraka hivyo, ndiyo maana fundi hupima akaona kila kitu ni sawa!

Moduli yenyewe inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Betri 4 mpya za tochi zitaipa volti 6 na huenda zikaiunguza. Ile betri ndogo ya mraba ya volti 9 haina nguvu ya kustahimili mikupuo hiyo.

Inayofaa ni betri moja ya lithiamu ya volti 3.7, ambayo ikijaa hufika 4.2. Tumia waya fupi na nene. Karibu kabisa na moduli weka kapasita ya mikrofaradi 1000, mguu wa upande wenye mstari ukienda kwenye hasi.

Na sasa nawe mzazi, sikiliza, kwa maana betri hii si ya kuchezewa. Wanafunzi hupenda kuzitoa katika kompyuta kuukuu za mkononi kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Iliyoshuka chini ya volti 2.5, iliyobonyea au yenye ngozi iliyochanika, achana nayo. Usiichomelee waya moja kwa moja kwa risasi. Joto huiharibu ndani. Nunua kishikilio chake. Nunua pia bodi ya kuchaji yenye kinga, inayokata umeme betri ikijaa, ikiisha au waya zikigusana, kisha utie fyuzi kwenye waya wa chanya. Chaja ya betri ya gari isiikaribie kamwe.

Kuna bodi za kuchaji zinazouzwa zikiwa zimepangwa kutoa ampea 1, kiasi ambacho ni kikubwa mno kwa betri ndogo ya simu kuukuu. Muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Huko paani, kisanduku kikae kwenye kivuli cha tangi, si juu ya mabati yanayochomwa na jua, kwani betri hii haipaswi kuchajiwa ikipita nyuzi 45 za joto. Nyumbani, ichaji mchana ukiwa macho, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia. Ikivimba usiitoboe wala kuitupa jaani. Kituo cha WEEE jijini Nairobi hupokea taka za elektroniki.